Kidole cha Kuazima

Dirisha lilikuwa dogo, la kupitisha mkono tu. Zamani palikuwa mahali pa kuuzia chai, na ukingo wake wa mbao ulikuwa bado na miviringo ya vikombe. Sasa ndani aliketi mpimaji na kimashine chake, mlango umefungwa ili vumbi la kiwandani lisiingie, na juu yake feni inazunguka. Wanawake walipanga foleni nje, juani, wamesugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ya vidole imejikunja. Ukifika zamu yako unaingiza kadi ya kazi, unaingiza mkono, unachomwa. Uso wako unabaki nje.

Bi Mrefu aliegemea ukuta kwa bega moja, kama mtu aliyechoka kusubiri, kumbe ni miguu iliyokuwa imemsusa. Tangu jana mchana hakuwa ameonja maji. Kiwanda kizima kilijua kwamba ukijinyima maji damu hubaki nzito, na damu nzito husoma vizuri. Midomo ilimkauka hivi kwamba angecheka ingepasuka. Bahati nzuri hakuwa na la kumchekesha.

Kiwanda kilikuwa cha betri kuukuu za magari. Malori yalizileta, wanaume wakazipasua kwa mashoka, wanawake wakachambua: plastiki upande huu, vibamba vya madini ya risasi upande ule. Vibamba viliishia tanuruni. Waliolilisha tanuru kwa koleo walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa wameikataa kazi hiyo, na Bi Mrefu alikuwa mmoja wao. Alijifunga kitambaa usoni. Jioni alipokifua, maji yalitoka ya kijivu.

Kila mwezi mpimaji alikuja kupima damu. Sheria ilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: kampuni inajali afya zenu. Chini yake, kwa herufi ndogo, ilisema kwamba atakayesoma chini ya kumi na moja atapumzishwa bila mshahara mpaka damu irudi, na atakayepumzishwa mara tatu kazi yake imekwisha. Bi Mrefu alikwisha kupumzishwa mara moja.

"Wifi!" sauti ilimwita kutoka upande wa lango.

Hakugeuka. Aliijua sauti hiyo, na alijua foleni yote ingegeuka kwa niaba yake. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja akitembea taratibu, uso unang'aa, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa karani wa mizani kule langoni. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti chini ya mwavuli na kuandika uzito wa kila lori linaloingia. Ni Bi Mrefu aliyemleta kiwandani, akamwombea kazi, akamwazima hata viatu vya siku ya kwanza. Siku ileile wakapimwa damu, ya wifi ikasoma juu kuliko zote, na msimamizi akasema watu wenye afya wakae mbele, wageni wawaone. Basi akakaa mbele. Na mwezi baada ya mwezi damu yake ilizidi kupanda, mpaka wenzake wakaanza kuizungumzia kama mali.

Kwa kweli ilikuwa mali. Pale palikuwa na jambo waliloliita kuazima kidole. Aliyejijua kuwa damu yake ni hafifu alimpa kadi yake mwenye damu nzuri, yule akapanga foleni kwa niaba yake, akaingiza mkono dirishani. Msimamizi alikaa ndani kwenye feni akiita namba, na mikono iliyooshwa kwa sabuni ya unga hufanana. Vidole vya wifi ndivyo vilivyosifika. Siku za kupimwa alichomwa vinne, pengine vitano, na mwezi mzima baadaye hakubeba ndoo yake mwenyewe wala hakusimama kwenye foleni ya bomba.

"Lete kadi nikupitishie," wifi alisema.

"Sitaki."

"Hutaki, au unaona haya?"

"Nina damu yangu."

"Unayo, sijakataa. Lakini hiyo ni ya kutilia rangi tu." Wanawake wakaangua kicheko. Wifi naye akacheka, bila ubaya, akanyoosha mkono. "Lete bwana. Damu ya kwetu nzito kama uji. Inatutosha sisi na wake tuliowaoa."

Ni hilo la mwisho lililomwingia Bi Mrefu. Aliikunja kadi yake ndani ya kiganja mpaka kona zikamchoma.

"Nimesema sitaki, wifi. Kaazime hao."

Zamu yake ilipofika aliingiza mkono. Kisindano kilichoma, tone lilichelewa kutoka, ikabidi kidole kikamuliwe. Kimashine kikatulia kidogo, kikalia.

"Nane nukta tisa," sauti ya mpimaji ilisema.

Bi Mrefu aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na dirisha. Alimwona kwa mara ya kwanza: kijana mwembamba, miwani imeteleza puani.

"Daktari, hiyo namba ni ya kitu gani hasa?"

"Mimi si daktari, mama. Mpimaji tu." Alisita, kisha akaeleza kwa upole. "Ni hemoglobini. Ni kitu kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Ndicho kinachozipa wekundu, na ndicho kinachochukua hewa mapafuni na kuisambaza mwilini. Ikipungua, mtu anahema lakini mwili haushibi hewa."

"Na yangu inaliwa na nini?"

Feni ilizunguka. Nyuma ya mpimaji, msimamizi aliinua macho kwenye simu yake.

"Lishe," msimamizi alisema. "Mwambie ale maini na mboga za majani."

"Lishe, ndiyo," mpimaji alisema. "Na mambo mengine."

"Mambo gani?"

"Kuna kipimo kingine, cha kuangalia risasi iliyoingia kwenye damu. Hicho sijatumwa." Alisukuma miwani juu. "Mama, kama inawezekana, usikae karibu na tanuru."

"Ndipo nilipopangwa."

"Namba inayofuata!" msimamizi alisema.

*

Alipumzishwa. Nyumbani alilala siku za mwanzo kama gogo, kisha pumzi ikaanza kumrudia kidogo kidogo. Akaweza kupanda ngazi za nyumba ya kupanga bila kusimama katikati. Akaweza kumbeba mwanawe wa mwisho. Mumewe, fundi viatu, alisema ni maini.

Alikuwa ameleta maini mara moja, yamefungwa kwenye gazeti, akayaweka mezani kama mtu aliyeleta mahari. Bi Mrefu aliyakaanga. Wifi yake alirudi kutoka kazini akaketi, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Mpe dada kile kipande kikubwa," mume alisema. "Ndiye anayeamka kwenda kazini."

"Si mlinunua kwa ajili ya mgonjwa?" wifi alisema.

"Mgonjwa amekaa nyumbani. Wewe unatolewa damu ya watu watano." Alicheka kwa fahari. "Unajua, kwetu hakuna mwenye damu nyepesi. Bibi yetu alikufa na nguvu zake zote."

"Sasa akafaje?" Bi Mrefu aliuliza.

Wifi alicheka mpaka akapaliwa. Mume hakucheka. Bi Mrefu alikata kile kipande kikubwa kwa mkono wake mwenyewe, akakiweka kwenye sahani ya wifi yake, na akakitazama kikitafunwa mpaka kikaisha. Chungu kimoja, sufuria moja, maji ya bomba moja. Walilala chumba kimoja kilichotenganishwa kwa pazia. Sasa yule anakula nini cha ziada?

Kila alipomwuliza alijibiwa, "Tunachokula sote," asiamini, akaanza kumchunguza. Asubuhi wifi alipokwenda kuoga, alimpekua mkoba: kitana, kipande cha sabuni, karatasi ya karanga. Akainusa karatasi. Alimtazama fizi anapopiga mswaki, nyekundu kama za mtoto, kisha akaenda kwenye kioo akainua mdomo wake mwenyewe. Kwenye shina la meno kulikuwa na mstari wa samawati, mwembamba, kama uliochorwa kwa kalamu. Alisugua kwa chumvi. Haukutoka.

Akawaza labda ni msimamizi. Labda anamletea dawa. Wazo hilo lilimpa nafuu ya ajabu, kama mtu aliyepata mahali pa kukwaruza. Lakini aliporudi kazini na kukaa siku kadhaa akimtazama kutoka tanuruni, hakuona kitu. Wifi aliketi chini ya mwavuli, upepo wa barabarani unampepea, akaandika, akapiga miayo, akasalimiana na madereva. Lori lilipochelewa alisuka nywele za mtu. Bi Mrefu alilitia tanuru koleo, moshi mtamu ukamjaa kooni.

Wiki ya kupimwa ilipokaribia, wifi alimjia wakati wa chakula. Safari hii hakumtania.

"Wifi, hii itakuwa ya tatu. Acha kiburi. Nikifika dirishani nitaanza na kadi yako kabla ya ya mtu mwingine. Hakuna atakayejua, hata kaka sitamwambia."

Ingekuwa kejeli, angeivumilia. Huruma ndiyo iliyomshinda. Alitafuna tonge lake polepole, akaitikia kwa kichwa, akanyanyuka, akanawa mikono. Kisha akavuka uwanja, akagonga mlango wa msimamizi.

"Sema, mama."

"Mzee, kuna watu wanaochomwa kwa niaba ya wengine."

"Nani?"

Alilitaja jina la wifi yake. Lilitoka kirahisi kuliko alivyodhani.

Msimamizi hakushtuka. Aliegemea kiti, karibu atabasamu.

"Unadhani mimi kipofu? Nakaa pale kila mwezi. Mkono mmoja unaingia mara tano, halafu nisijue?"

Bi Mrefu aliifuta kwenye nguo yake mikono iliyokuwa bado imelowa.

"Wakubwa wanataka namba nzuri. Vidole vile vinanipa namba nzuri. Nani ameumia?" Alichukua kalamu, akaigonga mezani. "Shida ni kwamba sasa umesema. Jambo likishasemwa, mtu hawezi tena kusema hajui. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Simfukuzi. Anayefukuzwa huenda akasema sema huko nje. Kesho atashika koleo lako. Na wewe..." Alimpima kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni. "Unajua kuandika?"

"Najua."

"Basi utakaa mizani. Mtu anayeniletea maneno namtaka karibu na lango."

*

Kiti kilikuwa cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya. Chini ya mwavuli kivuli kilifuata jua, na yeye akakifuata kivuli. Hapakuwa na moshi. Siku za mwanzo tarakimu zake zilipinda, baadaye zikanyooka. Usingizi ukawa mtamu. Siku ya kupimwa mpimaji alisoma kumi na moja nukta nane, akamtazama dirishani akamtambua.

"Wamekuhamisha," alisema.

"Ndiyo."

"Vizuri," mpimaji alisema, akafuta kidole chake kwa pamba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nyuma yake wifi alichomwa mara moja tu, kwa kadi yake mwenyewe. Kuanzia mwezi ule msimamizi alisimama nje kuangalia nyuso. Wanawake saba walianguka kipimo siku moja. Asubuhi iliyofuata nafasi zao zilikuwa zimejaa, maana langoni hapakuwahi kukosa watu wanaotafuta kazi. Bi Mrefu ndiye aliyewafungulia.

Wifi hakuuliza nani aliyesema. Hilo lilimtesa Bi Mrefu kuliko angetukanwa. Waliondoka nyumbani pamoja, wakarudi pamoja, ila wifi alianza kusimama katikati ya ngazi. Alilalamika tumbo. Siku moja kitana kikamdondoka akisuka nywele. Akakiokota, kikadondoka tena. Akautazama mkono wake ulivyoning'inia kwenye kifundo, akacheka.

"Ona, wifi, mkono umelewa."

Kisha, bila kumtazama, akauliza: "Wewe unakula nini kule mizani?"

"Tunachokula sote."

"Ndivyo nilivyokuwa nikikujibu mimi. Hukuniamini."

Mumewe alileta maini tena. Aliyaweka mezani, akakaa, akamwangalia dada yake aliyejikunja kwenye mkeka.

"Mpe dada kile kipande kikubwa," alisema. "Hajiwezi."

Bi Mrefu alikuwa na kisu mkononi. Alikuwa na kiti, kivuli, namba iliyopanda, na bado kile kipande kikubwa hakikuwa chake. Aliona aibu kwa jinsi roho ilivyomuuma, lakini aibu haikuifanya iache kuuma. Alikikata, akamlisha wifi yake kwa vidole, tonge kwa tonge, na wifi alikitafuna kwa kumridhisha kaka yake, kisha akatoka nje kukitapika.

Baada ya muda ilisikika kwamba wakaguzi watakuja, watu wa serikali, wanaokagua afya za wafanyakazi. Asubuhi hiyo uwanja ulimwagiwa maji. Barakoa mpya ziligawiwa, zikakusanywa, zikagawiwa kwa wengine. Wanawake wa tanuru, wa kuchambua, wote waliokuwa na midomo myeupe, waliambiwa waingie ghala la plastiki wakapange mifuko. Wifi aliingia wa mwisho, ameshikilia tumbo. Kufuli likafungwa kwa nje.

Wakaguzi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Jua lilikuwa kali. Msimamizi akawakaribisha kwenye chumba cha kupimia, penye feni, akawawekea soda. Mlango ukafungwa ili vumbi lisiingie. Kisha akamjia Bi Mrefu kwenye mizani, akiwa na bunda la kadi mkononi, zimefungwa kwa mpira.

"Damu yako imesomaje mwezi huu?"

"Kumi na tatu."

"Nenda kaoshe mikono."

Aliosha. Msimamizi alisimama kando ya dirisha, mahali asipoonekana kutoka ndani, akampa kadi ya kwanza. Ilikuwa yake. Akaingiza mkono. Kumi na tatu, mpimaji alisema. Msimamizi akampa ya pili. Picha ilikuwa ya mwanamke wa kuchambua, mwenye mapacha. Bi Mrefu aliitazama kadi, akamtazama msimamizi.

"Kiti unakipenda?" msimamizi alimwuliza kwa sauti ya chini, bila ukali wowote.

Akaingiza mkono. Kumi na tatu. Sauti ya mpimaji haikubadilika, ila ilizidi kuwa ndogo. Kadi ya tatu. Ya nne. Ndani, mkaguzi mwanamume alisikika akisema hawa watu wanatunzwa vizuri, viwanda vingine vingekuja kujifunza hapa. Vidole vya mkono wa kulia vikaisha, akaanza wa kushoto.

Kadi ya wifi ilikuwa ya mwisho katika bunda. Picha ilipigwa siku ile ya kwanza ya kazi. Alikuwa amejaa mashavu, anacheka na mpiga picha. Kutoka ghalani mtu aligonga bati, mara moja, kisha tena, si kwa nguvu. Msimamizi alimwonyesha ishara mtu wa mashine ya kusagia plastiki. Mashine ikawashwa, ikanguruma, na kugonga kukapotea.

Bi Mrefu aliingiza mkono wa kushoto.

Safari hii mkono ulioupokea haukuwa wa mpimaji. Ulikuwa laini, na pete. Mkaguzi mwanamke aliugeuza taratibu kwenye mwanga. Gumba lilikuwa na tundu, cha shahada tundu, cha kati tundu, cha pete tundu, na kwenye matundu mawili damu mbichi ilikuwa bado inatoka. Aliushika hivyo kwa muda. Bi Mrefu hakuwa na hakika kama anaomba mkono uachiwe au ushikwe mpaka mlango ufunguliwe.

Ndani, chupa ya soda iliwekwa mezani.

"Mchome cha mwisho hiki," mkaguzi mwanamke alimwambia mpimaji. "Hiki bado kizima."